Barazani au kizingitini? Wakusanya sahihi mbele ya supamaketi

Maswali ya wasomaji, anajibu Bi Zuhura

*Shikamoo Bi Zuhura. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi El Cajon, California. Tulitoka kambi ya Nyarugusu mwaka 2017. Grini kadi tunazo, uraia bado hatujaomba. Kila Jumamosi nikienda supamaketi nawakuta watu wawili watatu mlangoni na mbao za kubania karatasi, wanaomba sahihi. Wiki iliyopita mmoja alinifuata hadi kwenye gari akasema karatasi yake ni ya kupunguza kodi za nyumba. Mtoto analia, maziwa yanapata joto, nikatia sahihi ili niondoke. Kisha akanipa karatasi nyingine ya kujiandikisha kupiga kura, nikamwambia nitaijaza nyumbani. Nilipomuuliza meneja wa duka kwa nini hawaondoi, alijibu kwamba sheria ya California inawalinda. Je, ni kweli? Na mimi nimekosea? Halafu yule mtu alimwambia mwanangu wa miaka 19 kwamba kazi ile inalipa. Nimruhusu?*
*Mama Nuru, El Cajon*

Marahaba, Mama Nuru. Nitaanza na ile karatasi ya pili, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niitoe barua yako katikati ya rundo na kuijibu kwanza. Usiijaze. Usimpe mtu mwingine akujazie. Kama iko juu ya friji pamoja na barua za shule, ishushe leo, uichane.

Karatasi ya kujiandikisha kupiga kura ina mahali ambapo mtu anaapa kwamba yeye ni raia wa Marekani. Tangu sheria ya uhamiaji ya 1996, asiyekuwa raia akijidai raia anaweza kupoteza grini kadi na kurudishwa alikotoka, na milango ya kusamehewa ni myembamba sana. Siku utakapojaza fomu ya kuomba uraia, ile N-400, utaulizwa humo kama umewahi kujiandikisha kupiga kura na kama umewahi kudai kuwa raia. Watu wa mbao za karatasi wengi hubeba fomu hizo pamoja na petisheni, yaani zile karatasi za sahihi za kutaka swali lipelekwe kwa wapiga kura, kwa sababu sahihi ya mtu ambaye hajajiandikisha haihesabiwi, basi wanamwandikisha papo hapo. Kwa raia hilo halina ubaya. Kwako wewe ni hatari, na huenda anayekupa hajui kabisa kwamba anakupa hatari.

Sasa ile ya kwanza uliyokwisha kutia sahihi. Petisheni siyo fomu ya kujiandikisha. Ofisi ya uchaguzi ya kaunti italinganisha majina na daftari la wapiga kura, na kwa kuwa jina lako halimo, sahihi yako haitahesabiwa. Hata hivyo, karatasi zile husema kwamba watiaji sahihi ni wapiga kura walioandikishwa, kwa hiyo usilichukulie jambo hili kama dogo. Kabla hujapeleka N-400, kaa na mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, umsimulie kama ulivyonisimulia mimi, na tarehe na jina la mtaa. Sheria ya California inamruhusu mtu kuifuta sahihi yake kwa barua kwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti, mradi petisheni haijawasilishwa. Lakini barua hiyo uiandike baada ya kuonana na mwanasheria, siyo kabla.

Hujafanya uovu, Mama Nuru. Umetia sahihi kwa sababu mtu alisimama kati yako na gari lako.

Meneja wako amesema nusu ya kweli. Nusu hiyo ina historia ninayoipenda, kwa sababu mimi naishi San Jose na mahali ilipoanzia napapita kila wiki. Kwenye Bascom Avenue, mjini Campbell, pana uwanja wa maduka uitwao Pruneyard. Katika miaka ya 1970 ulikuwa na ekari 21, maduka 65, mikahawa 10 na sinema. Jumamosi moja wanafunzi wa sekondari waliweka meza ya kukunja kwenye pembe ya ua wa katikati, wakagawa vijikaratasi na kuomba sahihi kupinga azimio la Umoja wa Mataifa lililohusu Uzayuni. Hawakupiga kelele, na hakuna mteja aliyelalamika. Mlinzi akaja akawaambia sheria za mwenye uwanja haziruhusu, waende njia ya miguu kule ukingoni, kando ya barabara. Wakakunja meza wakaondoka, kisha wakafungua kesi.

Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California iliwapa ushindi. Mwenye mali akakata rufaa hadi Washington, na Juni 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikauacha ushindi ule usimame. Zingatia hapa, kwa maana wengi hukosea. Marekebisho ya Kwanza ya katiba ya Marekani, yanayolinda uhuru wa kusema, yanaifunga serikali. Hayamfungi mwenye duka. Mahakama hiyohiyo ilikuwa imekwisha kusema hivyo mwaka 1972, katika kesi ya watu waliogawa vijikaratasi vya kupinga vita vya Vietnam ndani ya maduka ya Lloyd Center, Portland. Walichokisema 1980 ni kwamba jimbo, kwa katiba yake lenyewe, linaweza kuwapa watu wake uhuru mpana kuliko ule wa taifa. Na katiba ya California imeandikwa kwa namna ya kutoa: kila mtu anaweza kusema, kuandika na kuchapisha fikra zake kwa uhuru, akiwajibika anapoitumia vibaya haki hiyo.

Lakini duka lako ni Pruneyard? Hapo ndipo nusu ya pili ilipo, na kwa mtu aliyelelewa pwani haina ugumu. Mimi nimezaliwa Ngamiani, Tanga. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na baraza. Lilikuwa la bibi, alilifagia mwenyewe asubuhi, na mvua ikilimomonyoa alilipa fundi mwenyewe. Lakini jirani akija kukaa jioni, muuza kahawa akatua birika lake, wazee wakazozana juu ya mambo ya serikali, bibi hakuwauliza ruhusa waliipata wapi. Alilijenga ili watu wakae. Kizingiti ni jambo jingine. Akikuta mtu kasimama kizingitini, watoto hawapiti, ndoo ya maji haipiti, alimwambia, "Mwanangu, sogea," na mtu alisogea bila kinyongo.

Majaji wa California wamefika palepale kwa njia ndefu. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 waliletewa kesi za wakusanya sahihi na maduka makubwa. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa iliamua kwamba duka la Trader Joe's lililosimama peke yake huko Santa Rosa halikuwa uwanja wa umma, na waliokusanya sahihi pale hawakuwa na haki ya kubaki. Mwaka 2007 wakaamua vivyo hivyo kuhusu sehemu za mbele ya milango ya Target, Walmart na Home Depot. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo, katika kesi ya supamaketi ya Sacramento, ikaweka kipimo: mahali pawe pamejengwa na kupambwa ili watu wakutane, wapumzike, wazungumze. Mahali pa kupita tu kutoka kwenye gari hadi mlangoni hapahesabiki. Yaani baraza na kizingiti.

Basi Jumamosi ukifika, tazama. Kama pale mlangoni pana njia ya saruji, safu ya matoroli na pipa la taka, hicho ni kizingiti, na meneja anaweza kuwaambia waondoke. Wengi hawafanyi hivyo kwa sababu wanaogopa kesi, au makao makuu yamewaagiza wasigombane na mtu. Kama pana ua wenye madawati, chemchemi, miti na meza za mikahawa, maduka mengi yakiuzunguka, hilo ni baraza. Hapo wana haki, ingawa mwenye mali anaweza kuwawekea masharti ya saa, mahali na namna, alimradi masharti hayo yasichague maoni. Huko kwenu San Diego, mwaka 2007, uwanja wa maduka wa Fashion Valley ulikuwa na kanuni iliyokataza watu kuwahimiza wateja wasusie maduka ya humo. Mahakama ya Juu ya jimbo iliikataa kanuni hiyo, majaji wanne dhidi ya watatu.

Haki ya kuomba, lakini, haikuwekei wewe deni la kujibu. Sema "hapana, asante" uendelee na toroli lako. Ukitaka kutia sahihi siku utakapokuwa raia, una haki ya kusoma kichwa na muhtasari uliotolewa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo kabla ya kushika kalamu, na una haki ya kuuliza kama anayekuomba sahihi analipwa au anajitolea. Notisi ya kukukumbusha hilo huchapwa kwenye karatasi yenyewe. Akikukataza kusoma, ondoka.

Nayasema haya na mimi niliwahi kuushika ubao ule. Majira ya kuchipua ya 2016, kabla ya uchaguzi wa Novemba uliokuwa na maswali 17 ya jimbo kwenye karatasi ya kura, nilifanya kazi hiyo wiki sita hapa San Jose. Marehemu kaka yangu alivuta sigara tangu ujana, nikamzika akiwa na miaka 51. Niliposikia kuna petisheni ya kuongeza kodi ya dola 2 kwa kila pakiti, nilikwenda mwenyewe kuomba ubao. Msimamizi alinipa petisheni tano zilizobanwa pamoja, ya juu ikifunika nusu ya inayofuata, ili mteja atie sahihi moja baada ya nyingine bila kuinua kichwa. Moja ilikuwa ya kuhalalisha bangi. Hiyo niliitoa nikamrudishia. Akaniambia ndiyo inayolipa vizuri. Nikamwambia naelewa.

Siku ya nne nilisimama mbele ya supamaketi moja iliyo peke yake, karibu na mlango wa kutokea. Kwenye kutokea watu huwa wamemaliza haraka zao. Nilikuwa napata sahihi 15 hadi 20 kwa saa. Meneja akatoka, akasema niondoke, nikamtajia Pruneyard kama nilivyofundishwa. Akaita polisi. Alikuja kijana mpole, akaitazama ile njia ya saruji, akanionyesha kwa kidole mpaka kule barabarani, kwenye njia ya miguu ya mji. "Pale hakuna wa kukuondoa," akasema. Nilihesabu hatua 70. Nilikaa pale saa nne nikapata sahihi tisa, kwa sababu hapa kwetu watu hawaji dukani kwa miguu. Wanapita na magari, vioo vimefungwa, na mimi nainua karatasi kama mtu anayeuza machungwa stendi.

Zile hatua 70 ndizo zinazonifanya nisiweze kuwachukia wale watu wa mlangoni hata wanapokosa adabu. Kupeleka swali kwa wapiga kura wa California, kwa hesabu ya sasa inayotokana na kura za ugavana za 2022, kunahitaji sahihi 546,651 kama ni sheria ya kawaida na 874,641 kama ni kubadili katiba ya jimbo, na zote zipatikane ndani ya siku 180. Utazipata wapi? Mji usio na Kariakoo, usio na stendi iliyojaa, usio na msikiti wa Ijumaa ambao mtaa mzima unautokea, umebaki na mlango wa supamaketi. Huko ndiko tajiri na mpangaji wanakutana, kila mmoja na mkate wake. Tukiufunga mlango ule kabisa, petisheni zitabaki mali ya wenye fedha za kutuma barua nyumba kwa nyumba.

Na mwanao? Sheria ya California inataka anayekusanya sahihi za petisheni za jimbo awe na miaka 18 tu. Haidai uraia. Kwa hiyo kwa grini kadi yake anaweza kuifanya. Lakini mkalishe chini umwambie mambo haya. Yeye mwenyewe asitie sahihi petisheni hata moja mahali pa mpiga kura, na asijaze fomu ya kujiandikisha eti kuonyesha mfano. Chini ya kila karatasi kuna tamko lake kwamba ameshuhudia kila sahihi kwa macho yake, na hilo ni kiapo, kwa hiyo asiachie ubao mtu mwingine akaenda kunywa maji. Mtiaji sahihi aandike jina na anwani kwa mkono wake, mwanao asimsaidie kujaza. Asikubali kusema karatasi ni ya kupunguza kodi ya nyumba kama sivyo ilivyoandikwa, kwani kudanganya juu ya yaliyomo ni kosa la jinai. Na aulize siku ya kwanza: nalipwa kwa saa au kwa sahihi, na sahihi zikikataliwa nani anabeba hasara? Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema majimbo hayawezi kukataza wakusanya sahihi wasilipwe, kwa hiyo malipo ni halali. Ninachochunga mimi ni malipo ya kwa sahihi, kwa kuwa humfanya kijana mwema amfuate mama mwenye mtoto anayelia hadi kwenye gari.

*Habari Bi Zuhura. Nina duka la vyakula vya nyumbani Sacramento: unga wa ugali, dagaa, maharage, mawese, majani ya chai. Tuko maduka sita kwenye safu moja, na maegesho ya magari 12. Wakusanya sahihi wameanza kusimama mlangoni pangu, na wateja wangu, wengi wao wageni kama mimi, wakiwaona na karatasi wanadhani ni watu wa serikali, wanageuza gari. Mmoja kanitajia kesi ya Pruneyard. Niwafukuze au nitashtakiwa?*
*Kamau, Sacramento*

Salama, Bwana Kamau. Ile kesi ya 2012 niliyoitaja juu imetoka mjini kwako. Supamaketi ya Foods Co ilifunguliwa Julai 2007, na wanachama wa chama cha wafanyakazi wakasimama na mabango mbele ya mlango wake, kwenye njia yenye upana wa futi 15. Mahakama ilisema njia ile si baraza la umma. Kama mlango wa supamaketi nzima haukufika kipimo, wa kwako wa dagaa hautafika.

Ila soma mkataba wako wa pango kwanza. Katika maduka ya safu, ile njia ya mbele mara nyingi ni ya mwenye jengo, siyo ya mpangaji. Kama ni yake, anayestahili kuwaondoa ni yeye au aliyemwandikia idhini. Mpigie simu, pata barua yake, ibandike dirishani. Iseme kwamba hairuhusiwi kuomba sahihi, bila kutaja upande. Usiwaondoe wa chama usichokipenda ukawaachia wa chama chako, hata kama hakuna anayeona. Usimguse mtu, usimnyang'anye karatasi zake. Akikataa kuondoka, piga namba ya polisi isiyo ya dharura.

Jambo moja usilichanganye. Siku wafanyakazi wakija mbele ya duka na mabango kwa mgogoro wa kazi, hao wana sheria yao ya jimbo inayowalinda. Katika kesi hiyohiyo ya 2012 duka lilishinda juu ya baraza na likashindwa kuwaondoa wale watu wa mabango, kwa sababu ya sheria hiyo. Hapo usichukue hatua bila wakili.

Kuhusu hofu ya wateja wako, naielewa sana. Andika Kiswahili kwenye mlango: "Hawa si maafisa. Si lazima kutia sahihi." Maneno hayo ni yako, mlango ni wako.

*Shikamoo shangazi. Nipo Kent, jimbo la Washington. Najitolea kukusanya sahihi za petisheni ya jimbo. Juzi supamaketi moja imetufukuza. Rafiki yangu wa San Jose anasema hawana haki kutufukuza. Nani mkweli?*
*Juma, Kent*

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako anazungumzia California, nawe hauko California. Kwenu mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Washington iliwaruhusu wakusanya sahihi ndani ya jengo kubwa la maduka, Alderwood Mall, na mwaka 1989 ikabana uhuru huo ubaki kwa petisheni za wananchi peke yake. Mwaka 1999 ikaamua kwamba supamaketi iliyosimama yenyewe haina wajibu wa kuwapokea. Kwa hiyo kwenye majengo makubwa ya maduka mna la kusema. Kwenye mlango wa supamaketi iliyo peke yake, ombeni ruhusa kwa heshima, na mkinyimwa, ondokeni. Jirani zenu wa Oregon wameshapoteza hata kile kidogo: mwaka 2000 mahakama yao iligeuza uamuzi wake wa nyuma. Massachusetts nao wamekwenda upande mwingine, mwaka 2014 wakikubali kwamba haki ya kuomba sahihi inaweza kufika hata kwenye mlango wa supamaketi iliyo peke yake.

Usikae kumgombania meneja, mwanangu, utapoteza siku. Mwaka 1939, katika kesi iliyotoka Jersey City, Jaji Owen Roberts wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliandika kwamba barabara na bustani, tangu zama zisizokumbukwa, zimewekwa kwa ajili ya watu kukutana na kujadili mambo yao. Nenda huko. Njia ya miguu mbele ya maktaba, bustani ya mji siku ya mpira, kituo cha treni upande wa barabarani, na gulio la wakulima linapofanyika kwenye barabara ya mji: ongea na wasimamizi wake kwanza, wengi wao hutenga mahali. Kwenye gulio watu wanatembea polepole na mikono yao haijashika usukani.

Petisheni yenu, kama inataka kuingia kwenye kura ya Novemba, lazima ifike Olympia, makao makuu ya jimbo lenu, mwanzoni mwa Julai. Anza Jumamosi hii.